Waya wa Mfuniko

Mwanangu Po-han, anayeuza bima Taipei,
alinitumia saa ya mkononi nilipotimiza hamsini na saba.
Nyeusi, mkanda wa mpira, ina adabu ya mgeni:
kila baada ya saa hunigusa, "Simama kidogo."
Nimesimama tangu saa kumi na mbili asubuhi
mbele ya presi namba nne, hapa Taichung,
nagonga bati za mashine za kukimbilia,
zile ambazo mtu hukimbia asifike,
akashuka, akajifuta jasho, akapanda lifti kwenda kwake.

Wakati wa chakula kila mmoja ana lake.
Hsiu-luan, mdomo umejaa yai la soya:
"Mazoezi ni ugonjwa wa walioshiba."
Kijana wa ghala, kifua kama kabati, haafiki,
anatuonyesha kwenye simu kilo alizoinua alfajiri
kabla ya kuja kuinua zetu.
Mimi nasema mwili ni fagio:
ukilitumia linaisha,
usipolitumia linaliwa na panya.
Na Chun-hsiung, msimamizi, akitafuna tambuu,
huinua mkono wake wa vidole vitatu
kama mtu anayeagiza vikombe vitatu vya chai:
"Ajali haina kinga."
Asema hivyo yeye, aliyeizima kinga.

Maana presi namba nne ina pazia la mwanga.
Hulioni. Ukilikata kwa mkono, taya la chuma linagoma juu.
Nondo akilikata, vilevile,
na Julai nondo ni wengi, na meneja anahesabu vipande,
basi Chun-hsiung akafungua kisanduku,
akaunganisha waya mwekundu, urefu wa kidole,
pazia likabaki linaning'inia bure
kama pazia la ukuta usio na dirisha.

Miezi miwili. Sikusema. Nina deni la paa.

Jumatano kimkebe changu cha wali kikakatika kishikio.
Wenzangu walikuwa wananawa.
Nikafungua kisanduku, nikauchomoa ule waya,
nikafungia mfuniko.
Nikiulizwa, nitasema ni mfuniko.
Usiku nimejiuliza mwenyewe, nikajijibu: ni mfuniko.

Alhamisi, saa tisa na dakika kumi na mbili,
nilikuwa nimempisha Thoan nikajaze chupa ya maji.
Wiki yake ya tatu tangu atoke Nghe An.
Bati likamwendea upande, akapeleka mkono kulinyoosha
kama anyooshaye ukosi wa mwanawe,
na mguu wake, umechoka, haukumngoja.
Ukakanyaga.

Taya likashuka, likagoma.
Kati ya chuma na kucha zake
ungepitisha sarafu. Si mbili.

Hakupiga kelele. Alitazama mkono
kama barua iliyokuja kwa jina lisilo lake.
Maji yalifurika chupani, yakanilowesha viatu,
na saa ikanigusa, kwa adabu ileile:
"Inaonekana unafanya mazoezi. Nirekodi?"
Mapigo mia moja arobaini na nane.
Kidole kilitetemeka, kikaangukia Ndiyo.
Basi imeandikwa humo: Mazoezi Mengineyo, dakika nne.

Chun-hsiung akaja mbio.
Akafungua kisanduku, akatazama ndani muda mrefu.
Akatazama kimkebe changu kwenye benchi.
Akaenda mlangoni, akatema tambuu, wekundu juu ya saruji,
akarudi, akamwambia Thoan, "Kaa. Kunywa maji."
Mimi hakuniambia kitu, wala sikumwambia,
na waya hadi leo uko palepale, umeshika mfuniko,
una punje ya wali iliyokauka.

Jioni rekodi ilijituma yenyewe kwa Po-han,
ndivyo alivyoipanga.
Akajibu kabla sijavua viatu vilivyolowa:
"Safi, mama! Kesho ongeza,"
na picha ya kidole gumba.

Niliikuza ile picha mpaka ikajaa kioo cha simu.
Kidole kizima, cha manjano,
hakina hata kovu.